Nilimlilia mke wangu msibani, kumbe yuko nyuma ya nyumba anachemsha maharage

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazituma, maana najua wengi humu ni umri wa watoto wangu.

Ninachoandika ni kweli tupu. Wale ambao kazi yenu ni kuandika "chai" chini ya kila uzi, leo nawaomba mngoje nimalize. Natamani hata mimi ingekuwa chai.

Naandika mwenyewe kwa dole gumba. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa upande, ipishe ipite.

Nyumbani ni Rugera, Karagwe. Nanunua maharage na ndizi kwa wakulima, stoo yangu iko Omurushaka pale barabarani. Nilianza na baiskeli ya kukodi, leo nina lori. Nyumba nimejenga kwa tofali la kuchoma na bati la rangi. Hakuna mtu aliyenipa hata msumari.

Nasema haya ili mnielewe, si kujisifu. Sawa, na kujisifu kidogo.

Sisi tuliotoka chini kwa nguvu zetu tuna ugonjwa mmoja. Kwa kuwa tulifanikiwa kwa kutomsikiliza mtu, tunadhani kutosikiliza ndiyo akili yenyewe.

Sasa twende.

Huku kwetu chakula ni ebitoke, yaani ndizi za kupika, pamoja na maharage. Ukinipa wali nashukuru, halafu nauliza chakula kiko wapi.

Na nilikuwa na sheria nyumbani kwangu. Ndizi imenywe jioni ile ile inayopikwa. Maharage yabandikwe siku ile ile yanayoliwa. Kitu kilicholala, hata kama kimelala kibichi, kwangu kilikuwa kiporo, na kiporo nilisema ni cha mtu asiye na mke.

Nilikuwa natamba na hilo barazani Omurushaka, dukani kwa rafiki yangu Salum. Yeye wazee wake walitoka Tanga zamani, ana duka na anakodisha maturubai na viti. Wenzangu wakilalamika kwamba wake zao wanawapa chakula cha juzi, mimi nakunja nne nawaambia, "Chakula cha kwangu hakijawahi kuliona friji."

Na friji ninalo. Lile la kulala, nililolitoa stoo nilipoacha kuuza soda. Nililiweka chumba cha nyuma, nikajua lina maji ya wageni tu.

Mke wangu, mama Anitha, anashinda shambani kama wanawake wengine wa hapa. Anarudi jua likielekea kuzama, ndipo aanze kumenya, kuchambua maharage, kupuliza moto. Maharage mnayajua, hayana haraka na mtu. Tulikuwa tunakula wajukuu wameshasinzia kwenye mkeka, unamwamsha mtoto anatafuna macho yamefumba.

Mwaka jana akapimwa zahanati, presha iko juu. Mganga akaniita na mimi, akasema, "Mzee, huyu mama jioni apumzike. Kazi za jikoni zipangwe mapema au apate msaidizi."

Nikamjibu mganga, "Presha haitokani na kumenya ndizi. Mama yangu kamenya mpaka amezeeka."

Mke wangu akatazama sakafu.

Tulipofika nyumbani akaniomba kwa upole. Akasema wanawake wenzake wanachemsha maharage ya wiki kwa siku moja, wanayagawa kwenye vyombo. Ndizi wanamenya nyingi, wanaziosha kwa maji ya limau zisiwe nyeusi, wanazigandisha. Nyanya na vitunguu vinakaangwa kabisa vinawekwa. Jioni ni kubandika tu.

Nikamwambia, "Hiyo ni hoteli. Mimi sikuoa hoteli."

Na tangu wakati ule hakulalamika tena. Ajabu ikawa kwamba chakula kilianza kuwahi. Nikirudi stoo nakuta moto unawaka, sufuria imefunikwa kwa majani ya mgomba, mke wangu kakaa anasuka mkeka. Nakula, nashiba, nasifu. Nikajisemea, unaona, mwanamke ukimkazia anajua kujipanga.

Wakuu, hapo ndipo naomba mnivumilie, maana naanza kuona aibu hata kabla sijafika.

Kila Jumapili nikitoka misa ya kwanza huwa naenda Nyakatuntu, wilaya ya Kyerwa, kuangalia maharage ya wakulima. Mdogo wangu Deo anaishi huko, ndiye ananitafutia mzigo. Narudi jua likiwa limezama.

Jumapili hiyo mke wangu aliamka anasema kichwa kinagonga. Nikamwambia ameze dawa ya maumivu alale, nikaondoka.

Nyakatuntu nikakuta mvua imelowesha maharage yote yaliyoanikwa. Hakukuwa na cha kununua. Nikaachana na Deo, nikageuza mapema. Omurushaka nikaliacha lori kwa fundi, nikachukua boda.

Bodaboda akanishusha getini mchana kweupe.

Nikaona wanawake wamejaa uani kwangu.

Wamekaa kwa duara kwenye majani ya mgomba, kila mmoja ana kisu, wanamenya ndizi. Maganda kichuguu. Beseni zimejaa ndizi nyeupe zinaelea majini. Beseni ile kubwa ya bati, na nyingine, na sufuria ile ya kualikia watu.

Kwa mgeni nitafafanua. Kwetu nyumba ya kawaida inamenya ndizi za chungu kimoja. Ukikuta wanawake wa kitongoji wamekusanyika wanajaza beseni, ni moja kati ya mawili, harusi au msiba. Na mimi sikuwa na mtoto anayeoa.

Nikawa natafuta kwa macho mke wangu kwenye lile duara. Hayumo.

Waliponiona wakanyamaza wote, visu vikasimama hewani. Aliyeinuka ni Ma Yustina, jirani yetu, mjane, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu aliye bonde la pili. Siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo.

"Pole na safari, mzee."

"Mama Anitha yuko wapi?"

Wakatazamana. Ma Yustina akaweka kisu chini. "Mzee, wewe kaa kwanza."

Jamani. Mtu akikuambia kaa kwanza, na beseni za ndizi ziko mbele yako, na asubuhi umemwacha mke anaumwa kichwa na mganga alikwisha kuonya, wewe ungeelewa nini?

Sikukaa. Nilianguka.

Nililia, wakuu. Mimi ambaye nilimzika baba yangu nikiwa nimekunja mikono nyuma. Nililia kwa sauti, nikavua kofia nikaitupa. Wanawake wakashika vinywa, hakuna aliyejua afanye nini, kwa sababu wao walidhani nimepata habari mbaya huko nilikotoka.

Nikajikokota hadi getini, mbali nao, nikatoa simu, nikampigia Deo.

"Deo, njoo huku. Shemeji yako amefariki."

"Shemeji yupi?"

"Nina wake wangapi, Deo?"

Akaanza kulia na yeye, akakata. Nikampigia Salum. Nikamwambia mama Anitha hatunaye tena, alete turubai na viti. Akasema, "Innalillahi. Nakuja mwenyewe, mzee mwenzangu." Nikakata, nikaendelea kulia.

Sasa mke wangu, dawa imeshamtuliza kichwa, alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mafiga matatu ya nje, anachemsha maharage ya wiki. Akasikia mwanaume analia uani, akatambua sauti yangu. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kunisikia nikilia. Akajua ni kifo, na kifo cha kunitoa mimi machozi akajua ni cha mtoto.

Akaja anakimbia na mwiko mkononi. "Ni Anitha? Niambie ukweli, ni Anitha wangu?" Anitha ni binti yetu wa kwanza, yuko Mwanza.

Mimi uso uko chini. Nikasikia mwanamke kaanguka pembeni yangu analia. Nikanyoosha mkono nikamshika bega, nikamwambia, "Nyamaza mama, si Anitha. Ni mama Anitha."

Kilio kikakatika.

"Mama Anitha yupi?"

Nikainua uso.

Sitaweza kuwaandikia nilijisikiaje. Alikuwa yeye, kanga imelowa mvuke, mwiko una ganda la harage limenata. Nilimshika mikono yote miwili nikaibonyeza kama mtu anayekagua parachichi.

Ma Yustina akageukia mgomba. Mabega yakaanza kumtikisika.

Nikakumbuka simu. Nampigia Deo, inatumika. Nampigia tena, inatumika. Deo ni mtu wa matangazo. Ukimpa habari mlangoni, ukifika sokoni unaikuta imetangulia. Nilipompata, baada ya kupiga mara nyingi, alikuwa ndani ya gari na watu wamejaa, kunapigwa kelele za kilio, hanisikii, anasema tu, "Jikaze kaka, tumefika Omurushaka."

Kabla sijampigia Salum, akawa wa kwanza kufika, turubai juu ya gari. Akashuka kwa heshima zote, kofia kichwani, uso umeinama. Mke wangu wakati huo alikuwa mbele anapepeta dagaa kwenye ungo. Akasimama. "Karibu shemeji."

Salum akamtazama. Akanitazama mimi. "Mzee mwenzangu, huyu marehemu mbona anapepeta dagaa?"

Nikamwambia asubiri.

Halafu wakaja wa Nyakatuntu. Desturi yetu kilio kinaanzia getini, hivyo wameshuka wanalia, wanawake na mikungu ya ndizi vichwani, wanaume na kuni begani. Mke wangu akaona aende awazuie mwenyewe. Kosa jingine. Mama mmoja alipomwona marehemu anamfungulia geti alitupa mkungu akakimbia mpaka barabarani. Kumrudisha ilikuwa kazi.

Walipotulia, wote wakanigeukia mimi.

Mtu mzima nikasimama. Nikakohoa. Nikasema, "Ndugu zangu, simu ilikosea."

Deo akasema mbele ya wote, "Simu ilikosea kulia, kaka?"

Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa kujificha. Mzee mmoja wa Nyakatuntu akauliza swali ambalo sikutaka liulizwe. "Waitu, jamani, sasa kama hajafa mtu, ndizi zote hizi za nini?"

Nikawatazama wanawake. Hata mimi nilikuwa sijui.

Ma Yustina akajifuta mikono kwenye kanga. Sauti yake ilikuwa imerudi.

"Ngoja niseme mimi, maana mimi ni mjane, sina wa kunifukuza. Sisi kila Jumapili mzee akienda Kyerwa tunakuja hapa. Tunamenya za wiki nzima, za kila mmoja wetu. Tunachemsha maharage, tunakaanga nyanya, tunachambua dagaa. Tunaweka kwenye friji la humu ndani, kila mtu na vyombo vyake. Jioni tunabandika tu. Mama Anitha aliambiwa na mganga apumzike. Na mzee alisema hataki chakula cha friji. Basi tukaamua mzee asisumbuliwe, ale tu."

Salum, yule rafiki yangu wa baraza, akavua miwani akaifuta taratibu. "Kwa hiyo wewe mzee, wakati wote ule unatutambia pale dukani..."

"Salum, inatosha."

"Nauliza tu. Umelila friji mwaka mzima?"

Waliangua kicheko mpaka wajukuu waliokuwa wanacheza nyuma wakaja kuangalia. Deo alilazimika kushika mti. Mimi nilisimama katikati yao na machozi yangu hayajakauka, sina kofia, sina pa kuuweka uso.

Na si kwamba walinisema vibaya. Hakuna aliyenisema vibaya. Ningetukanwa ningejua la kufanya.

Watu walikuwa wametoka mbali, huwezi kuwarudisha na njaa. Na hapa ndipo nilipoona kwa macho yangu kile nilichokikataa. Ndizi zimeshamenywa. Maharage yameshaiva. Nyanya na vitunguu viko kwenye vyombo vimeshakaangwa. Wanawake waliinuka, wakabandika, wakafunika kwa majani, na jua likiwa bado juu watu wote wakawa wanakula. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyefokewa, na mke wangu alikaa kwenye kiti akala na wageni wake. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona amekaa kwenye kiti watu wakila.

Deo akiwa na mdomo umejaa akasema, "Huu ndio msiba wa kwanza naona chakula kimetangulia watu."

Wakaondoka. Salum akachukua turubai lake bila hata kulikunjua. Akasema ada yake ni moja tu, kwamba nisiache kuja barazani. Sikwenda muda mrefu.

Mke wangu alikuwa anasuuza zile beseni. Nikakaa karibu yake kwenye kigoda. Akasema yeye, bila kuniangalia, anasuuza tu.

"Leo nimekuona ukinililia, baba Anitha. Nilikuwa sijui kama unaweza."

Nikasogeza miguu kupisha maji.

"Nimefurahi. Usidhani sijafurahi." Akamwaga maji, akaigeuza beseni. "Ila nikuulize kitu kimoja. Ulipoona watu wengi wananimenyea ndizi, kilichokujia kichwani ni kwamba nimekufa. Hakikukujia kingine chochote. Kwa hiyo katika nyumba hii, mwanamke akitaka kumenyewa ndizi, afe kwanza?"

Wakuu, nimewahi kuibiwa mzigo. Nimewahi kupinduka na gari Kyerwa. Hakuna kilichonipiga kama hilo swali, na alilisema kwa sauti ya kuniuliza kama chumvi imekolea.

Nikatafuta jibu. Nilitafuta kweli. Mama yangu alimenya peke yake mpaka amezeeka, mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia mganga kwa kiburi. Na siku mama alipokufa, uani kwetu palijaa wanawake wanammenyea. Nilikuwa pale. Niliona ile ni heshima kubwa.

Nikachukua beseni nyingine nikaanza kusuuza. Nilikuwa sijawahi kuosha beseni, nikajimwagia maji yote miguuni. Hakucheka. Akaniambia tu, "Shika kwa chini."

Sasa naona mtu kaniandikia pembeni, kwamba mzee unatia aibu wanaume, kwa nini umeleta haya mtandaoni. Kijana, aibu ninayo tayari, huwezi kuniongezea. Huku kwetu habari imeshafika kila kilabu, watoto wanaigiza nilivyotupa kofia. Bora niisimulie mwenyewe kwa mpangilio kuliko Deo.

Yale ya jikoni niliyojifunza nawapa kwa ufupi, maana wengine mtataka kuwapa kina mama huko nyumbani. Maharage yalowekwe Jumamosi usiku, yachemshwe Jumapili mara moja, yapoe kabisa, ndipo yagawanywe kila jioni na chombo chake. Ukiweka ya moto yanachacha. Ndizi zimenywe zikitumbukia majini hapo hapo, maji yenye limau, kisha zichujwe ndipo zigandishwe, na usingoje ziyeyuke, unabandika hivyo hivyo. Asiye na friji amenye za jioni mbili tu, aziache majini mahali pa baridi, abadilishe maji. Na mikono ipakwe mafuta kabla, vinginevyo utomvu utakutembeza mweusi wiki nzima mpaka kanisani. Hilo la mwisho nalijua kwa uzoefu.

Ndiyo. Namenya.

Nyakatuntu siku hizi naenda Jumamosi. Jumapili nakaa kwenye lile duara, mwanaume peke yangu. Kisu changu kinakula nyama kuliko ganda. Ma Yustina aliokota ndizi niliyomaliza kuimenya akainyanyua wote waone. "Mzee, hii umemenya au umechonga mpini wa jembe?" Mke wangu akacheka mpaka akaegemea begani kwangu, mbele za watu. Presha yake imeshuka kidogo, mganga kasema tuendelee hivyo. Mimi huyo mganga bado namkwepa njiani.

Funzo langu si refu. Kama una mke, usingoje msiba ndipo ujue kazi yake ilihitaji mikono mingapi. Kamuulize leo anamenya na nani. Kisha njoo hapa uniambie alikujibu nini, na kama na wewe una sheria ya chakula uliyoikuta imevunjwa zamani bila taarifa, useme, nisiwe mjinga peke yangu.

Jumapili iliyopita bodaboda mmoja mgeni alipunguza mwendo getini, akaona beseni, akaona na mzee mwenye mvi kainamia ndizi. Akazima pikipiki, akavua kofia, akasema kwa upole, "Poleni sana, mzee. Ni nani?"

Nikamwonyesha kwa kisu. "Ni yule pale kwenye kiti. Pita tu, mwanangu. Safari hii tunamenya akiwa hai."